Ijumaa ya Fundi Suruali

Mimi ni fundi suruali, na kama mafundi wote ni mwongo. Sijisifu wala situbu, nasema tu ili tuelewane tangu mwanzo. Mtu akileta kitambaa Jumatatu namwambia njoo Ijumaa. Ijumaa zenyewe ziko za namna mbili. Ipo ile ambayo kitambaa kimeshakatwa, kiko mezani kinangoja uzi. Hiyo naisema huku nikimtazama mteja usoni. Halafu ipo ile ambayo kitambaa bado kiko kwenye mfuko wake wa nailoni chini ya meza, na hata sikumbuki ni cha nani. Hiyo naisema huku nikitafuta chaki. Natafuta kwenye droo, nainua mkasi, napapasa mifukoni, na muda wote chaki iko juu ya sikio langu. Wateja wa zamani wameshanizoea. Wakiona nimeanza kupapasa wanauliza, "Ijumaa gani, fundi?"

Duka langu ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, yangu na ya binti yangu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kujaribia nguo. Miaka thelathini na moja nimepiga magoti mbele ya viuno vya watu na futi shingoni. Najua nani amenenepa na hataki kukubali. Najua nani amekonda na kwa nini anaomba nimwachie kiuno kilekile cha zamani.

Damu nilipoanza kuiona chooni nikasema ni bawasiri. Fundi anakaa kutwa nzima, bawasiri ni ugonjwa wa kazi. Nikanunua dawa ya kupaka, nikanunua na mto wa kukalia, nikaendelea na kazi. Mke wangu akasema nenda hospitali, nikamwambia nitaenda Ijumaa. Zilipita Ijumaa nyingi. Kiuno changu kilipungua inchi tatu, nami nikajipunguzia suruali zangu mwenyewe bila kumwambia mtu. Halafu mkojo ukaanza kutoka na upepo, unapiga mapovu na kunuka choo. Hapo hata mimi niliogopa, nikaenda.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mikono midogo, sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza watu. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Basi tuko kazi moja," akasema. "Mimi pia nakata na kushona."

Tangu siku hiyo nikawa namwita fundi mwenzangu. Nilimchekesha kwa kumsimulia mambo ya Ijumaa na chaki, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akanieleza ugonjwa wangu, na hakuna kati yetu aliyecheka tena siku hiyo.

Ilikuwa saratani ya utumbo wa mwisho kabisa, pale karibu na pa kutokea. Ingekuwa imebaki palepale ingekuwa kazi nyepesi kidogo. Lakini ilikuwa imetoboa ukuta na kushika kibofu cha mkojo na tezi dume, ndiyo maana hewa ilikuwa inapita kwenye mkojo. Akaniambia huwezi kuibandua kutoka kwenye kibofu, maana ukibandua unaacha mbegu zake. Lazima vyote vitoke pamoja kama kitu kimoja, na kuzunguka pembe zote ukate kwenye nyama nzima. Hilo halikunipa taabu kulielewa. Kitambaa kikioza hukati kwenye ukingo wa uozo, unakwenda mpaka kwenye uzi mzima, la sivyo mshono utakuachia.

"Sasa vikishatoka vyote," nikamuuliza, "nitakwenda haja kwa wapi?"

"Kwenye mifuko. Tumboni, miwili. Wa kushoto wa choo, wa kulia wa mkojo. Maisha yako yote." Akaweka kalamu mezani. "Na mambo ya chumbani, sikufichi, yatakuwa yamekwisha."

Nilimwambia afadhali nife mzima.

"Kwa ugonjwa huu hakuna anayekufa mzima, Fundi," akasema. "Nimewaona."

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, pamoja na hayo ya chumbani, huku nikitazama ukuta. Alinigeuza uso nimtazame. Kisha akasema, "Mambo gani ya chumbani? Mtu unakula, unakoroma. Kakatwe, baba, urudi ukorome." Halafu akaenda jikoni na nikamsikia analia juu ya masufuria.

Walinichoma mionzi siku ishirini na nane, na vidonge juu yake. Ngozi ya makalio iliungua, nikawa nashona nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali. Baada ya hapo wakapiga picha mpya na fundi mwenzangu akafurahi, mara ya kwanza tangu anieleze ugonjwa wangu. Uvimbe ulikuwa umenywea. Hakukuwa na kitu kwenye ini wala mapafuni.

"Sasa ndiyo wakati wake," akasema. "Uvimbe umelala. Nakupangia wiki tano kutoka leo, siku nzima ni yako, na daktari wa kibofu atakuwepo."

Nikakubali. Namtazama usoni kabisa, nikakubali.

Sista wa Mifuko ndiye aliyeniharibia, au niseme alinisaidia na mimi nikajiharibu. Ni muuguzi wa makamo, kazi yake ni hiyo mifuko tu, na anaipenda. Alinipa miwili mitupu nikafanye mazoezi. Nitie maji, nibandike tumboni, nivae suruali yangu, nishinde nayo kazini nione. Nikafanya hivyo. Asubuhi yote mambo yalikwenda vizuri. Saa nane akaja mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, kujaribu suruali. Nikapiga magoti nimpime urefu wa mguu. Kiuno cha suruali yangu kikaubana mfuko wa kushoto, ukaachia, maji yote yakanimwagikia mapajani mbele yake. Yalikuwa maji tu, ya bomba. Lakini mwalimu alirudi nyuma hatua mbili na kuangalia kando, kwa adabu. Binti yangu akainuka na tambara na kuanza kufuta sakafu.

Nilipiga simu siku ileile. Nikamwambia daktari nina suruali za watu, anipe wiki tatu. Akasema hapendi. Nikambembeleza kama wateja wanavyonibembeleza mimi, akanipa wiki tatu, na akasema hizo ni za mwisho.

Ukweli ni kwamba suruali ya kushona ilikuwa moja tu, yangu. Nilijiapia kwamba siingii thieta kupasuliwa kabla sijapata suruali ambayo mtu anaweza kupigia magoti na mifuko miwili tumboni na asiaibike. Naijua kazi yangu. Nikapandisha kiuno mpaka juu ya kitovu, kikawa kinaifunika mifuko badala ya kuikata. Ndani nikaweka bitana laini, na kwenye bitana vifuko viwili vya kubeba uzito. Ya kwanza ilinipwaya. Ya pili ilibana nikikaa. Ya tatu ilikuwa nzuri nikisimama, lakini nikiinama kwenye cherehani inajikunja. Nilikuwa nafumua na kushona, nafumua na kushona, na mke wangu ananitazama kutoka mlangoni.

"Unamfanyia daktari kama unavyowafanyia wateja," akasema.

"Nipe siku chache."

"Mimi sina siku za kukupa. Anazo nani? Hebu niambie anazo nani."

Nilimkaripia. Nilimwambia asinifundishe kazi yangu ndani ya duka langu. Yeye hakuwa amezungumzia kazi, na mimi nilijua.

Wiki tatu zikaisha nikiwa kwenye suruali ya nne. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana, vifungo na mkunjo wa chini, lakini ilipofika asubuhi ya kulazwa miguu ikagoma. Nikamtuma binti yangu aende akaseme nina mafua makali. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba, mafua?"

"Nenda."

Akaenda. Ni mtoto mtiifu, na nitamwomba radhi kwa hilo kama nitapata nafasi. Jioni fundi mwenzangu akapiga simu mwenyewe.

"Mimi si mteja wako, Fundi," akasema. "Usinipe Ijumaa. Thieta ya siku nzima haipatikani kila siku, wala daktari wa kibofu. Nafasi inayofuata ni baada ya wiki tano. Na hicho kitu kimelala kwa sababu tumekichoma, hakijafa."

"Safari hii nakuja," nikasema.

"Nilisikia hivyo safari iliyopita."

Na kweli nilikwenda. Suruali ya nne ilitoka, rangi ya buluu iliyokoza, mshono umenyooka, na nilipoivaa mbele ya kile kioo chenye ufa na mifuko imejaa maji, sikuona kitu. Nilipiga magoti mara ishirini. Binti yangu alikagua kila upande, maana yeye ana jicho kali kuliko langu, akasema, "Hapo baba umemaliza kazi." Nilifurahi mno. Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu aliyesahau anaumwa.

Siku moja kabla ya kukatwa, Sista wa Mifuko alinichora. Alitumia kalamu ya wino usiofutika. Akanisimamisha, akaniketisha, akaniambia niiname kama niko kwenye cherehani, aone nyama inajikunja wapi, kisha akapiga msalaba mmoja kushoto na mwingine kulia na kuifunika kwa plasta nyembamba inayoonyesha ndani. Nikamwonyesha suruali. Aliigeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye bitana, akawaita wenzake wawili waje waone.

"Hii utawashonea na wengine," akasema. "Nina wagonjwa wanavaa kanga na makoti kwenye joto hili. Utawashonea?"

Nilimtazama usoni nikamwambia nitawashonea. Ilikuwa kweli. Usingizini nilikuwa nakata viuno vya watu nisiowajua.

Asubuhi fundi mwenzangu alikuja na karatasi za kutia sahihi. Alinieleza upya yote, kwamba ni kazi ya saa kumi, huenda na mbili zaidi. Tukiingia saa mbili asubuhi, tutoke jua likizama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Picha ya juzi haina kibaya," akasema. "Lakini picha haioni vitu vidogo. Nikifungua nikakuta pamesambaa, sitakata. Nitafunga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Hakikisha mshono umenyooka."

Akatabasamu kidogo na kunipiga bega. Mke wangu alibaki kwenye benchi la nje na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ile suruali, imekunjwa. Alisema ataishika mpaka nitoke. Nikaingizwa, nikaona taa, nikaambiwa nihesabu, na sikumbuki nilifika ngapi.

Kitu cha kwanza nilichoona nilipozinduka ni jua. Lilikuwa limepiga ukutani, jua jeupe la kabla ya mchana. Nikajiambia nimelala mpaka kesho yake. Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya duara, na mimi vya mbali naviona vizuri, ni vya karibu tu ndivyo vinanisumbua. Saa tano na robo. Muuguzi alipita, nikamuuliza leo siku gani. Mdomo ulikuwa mzito lakini alinielewa.

"Leo ni leoleo, baba," akasema. "Pumzika."

Nikashusha mkono. Katikati ya tumbo kulikuwa na bandeji ndefu, imekwenda chini moja kwa moja. Nikaenda kushoto kwake, polepole, na vidole vikakuta plasta nyembamba. Chini ya plasta ngozi. Hakuna mfuko. Nikaenda kulia. Plasta, na ngozi, yangu ileile. Misalaba yote miwili ilikuwa pale kama ilivyochorwa, hakuna aliyeigusa.

Mimi ni fundi, hakuna aliyehitaji kunieleza. Nguo unayokusudia kuigeuza kabisa haitoki mezani baada ya saa tatu. Ikitoka mapema hivyo, ujue umefumua, umeona hali ya kitambaa, ukapiga bandi za kushikiza juujuu na kumrudishia mwenyewe. Nililala pale na mikono tumboni. Miezi yote ile nilikuwa nimeiogopa mifuko, nimeikimbia, nimeidanganyia mafua, na sasa nilipapasa tena na tena kama mtu aliyepoteza funguo. Ningeitoa mikono yangu yote miwili nipewe hiyo mifuko.

Mchana wakamruhusu mke wangu kuingia na binti yetu. Mke wangu alikuja mbio, kanga inamponyoka. Muuguzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba nimetoka salama na sikuwekewa kitu, basi yeye akalichukua hivyohivyo, akalifurahia hivyohivyo.

"Hawakukuwekea," akanong'ona, mdomo karibu na sikio langu. "Mungu mkubwa. Wamefungua wakakuta haihitaji. Nimeshawapigia ndugu wote. Dada yako amelia kwa furaha."

Akafungua mkoba akaitoa suruali, akaiinua mbele yangu akicheka na kufuta machozi. "Na hii sasa tutaifanyia nini? Kazi yote ile. Utaifumua utoe hivi vifuko, uvae kawaida."

Nyuma yake binti yangu alikuwa ameitazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi, akaitazama bandeji, akaitazama saa tena. Akageuka dirishani akifuta macho, akasema kuna vumbi. Nikamwambia mama yake nina kiu, ingawa sikuwa nimeruhusiwa kunywa, akaenda kumtafuta sista amuulize.

Kesho yake asubuhi fundi mwenzangu alikuja peke yake, bila wale madaktari vijana wanaomfuata wakiandika. Mke wangu alikuwa ameshuka kuninunulia sabuni. Daktari alivuta kiti, na nilishukuru kwamba hakuanza na pole.

"Ulishajua," akasema.

"Niliiona saa."

Akachukua karatasi akanichorea. Nikavaa miwani nione vizuri. Akachora tumbo, akachora ule utando wa ndani unaofunika matumbo, kama bitana, kisha akaweka nukta. Aliweka nukta nyingi. Zilikuwa ndogo kama mbegu za ufuta, akasema, kila mahali alipotia mkono, na picha haikuziona hata moja. Kukata kule chini kusingesaidia kitu, kungenipa maumivu ya mwaka mzima bure, na mwaka wenyewe hakuwa na hakika kama ninao. Ipo dawa ya kusukuma siku mbele kidogo. Choo kikiziba, atanifungulia mfuko mmoja wa kunipa nafuu.

Nilimuuliza lile nililokuwa nalo tangu jana.

"Ungenifungua ile tarehe ya kwanza, ungezikuta?"

Hakutafuta kitu mfukoni wala hakuangalia karatasi. Yeye si fundi wa namna yangu.

"Sikufungua, kwa hiyo siwezi kuapa," akasema. "Huenda zilikuwepo. Lakini nilitaka kukufungua siku ile. Niliamini nitakutoa."

"Wiki nane."

"Wiki nane."

Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme ni kwa sababu ya suruali, mpumbavu mmoja wewe, umekufa kwa ajili ya kiuno na vifungo. Hakusema. Aliweka mkono wake mdogo juu ya wangu, na mimi nikalia mbele yake kwa sauti, mtu mzima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na hasira yote ilikuwa yangu juu yangu.

Nilipotulia akasema, "Mkeo yuko kwenye ngazi. Amenisimamisha jana akanishukuru, akanishika mikono yote miwili. Sikuweza kumjibu pale kwenye korido. Anatakiwa kujua. Nimwambie mimi?"

"Hapana. Niachie. Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia lini?"

"Ijumaa," nikasema, nikaanza kupapasa kwenye shuka, chini ya mto, juu ya kile kikabati cha pembeni, naitafuta miwani.

"Ijumaa gani, Fundi?" akauliza.

Mlango wa wodi ukafunguka, mke wangu akaingia na sabuni mkononi, akaniona napapasa. Akacheka, akaja mpaka kitandani, akanigusa miwani hapohapo usoni nilipokuwa nimeivaa.